Linux mupya ya Katungu

Bibi yangu Katungu aliuawa kwa barabara ya Komanda, akipanda kwao Butembo ndani ya gari la mizigo, mwaka mumoja mbele ya Goma kuanguka. Wakubwa walikuwa wamesema kwa radio: barabara iko wazi, askari wako njiani, mupite tu. Dereva aliyepona alituambia kwamba askari aliwaona kwa barrière tu, kwa kizuizi cha barabara, wanaomba sigara. Wale waliosema kwa radio wanaendelea kusema. Sijasikia mumoja aliyenyamaza kwa aibu.

Alituachia nyumba, binti wetu Fortunée, na mashini. Mashini ni ordinateur, kompyuta ya secrétariat yake, hapa Kisangani, kwa njia ya kupanda université. Yeye ndiye alikuwa anapiga chapa kazi za wanafunzi, barua za kuomba kazi, matangazo ya ndoa na ya vifo. Miye nilitoka shule ya msingi bila kuimaliza. Kazi yangu ilikuwa kuwasha groupe ya umeme, kukata karatasi na kufunga vitabu. Lakini uulize docta yeyote aliyesoma hapa miaka ile: kitabu chake nilikifunga miye, na hakijafunguka mpaka leo.

Sisi watu wa Butembo, kwa familia yetu, vitu vya marehemu havibadilishi mikono mpaka siku ya kutosha kilio, kumaliza matanga. Kitanda, nguo, sufuria, vyote vinangoja. Siku ile kaka wa marehemu anasimama mbele ya watu, anasema hiki kiende kwa fulani. Na wageni wanapewa karatasi ya kukunja: sura ya marehemu mbele, maisha yake ndani, nyimbo za misa nyuma. Shemeji Kataliko, kaka wa Katungu, muuzaji wa vitambaa kwa soko kubwa, alikuja kuniuliza karatasi ile tutaipigisha wapi.

Nikamujibu mbele ya familia yote: "Sura ya Katungu itatoka kwa mashini ya Katungu. Siipeleke kwa Édouard."

Édouard ana secrétariat yake ngambo ya pili ya barabara, na Windows, na panneau solaire juu ya bati. Kila mutu anajua siku tulipokuwa tunalia, yeye alikuwa anaita wateja wetu kwa mukono.

"Shemeji, umesema mbele ya watu," Kataliko aliniambia. "Donc tutaona."

Bon. Juma lile lile courant, ule umeme wa mji, ikaja kwa nguvu, ikaenda, ikarudi, sawa mulevi anayetafuta mulango wake. Wenye courant hawaombe musamaha, wanatuma facture. Mashini ikazimika. Nilipoiwasha ilileta maandishi meupe kwa weusi, ikasimama pale.

Fortunée yuko anasoma informatique, mwaka wa tatu. Alitoa flash kwa mukoba, akaichomeka, akaifungua mashini kwa njia ya pembeni, akatosha mafaili yote ya mama yake. Na photo ile ya Katungu na kitambaa cha bluu, anacheka nusu. Nilipoiona nikapumua.

"Papa, mafaili yako salama. Lakini Linux yenyewe imekufa, na ni ya zamani, wenye kuitengeneza walishaiacha. Tuweke ingine."

Linux, kwa mutu asiyejua, ni ule mupango wa ndani unaoamsha ordinateur na kuipa kazi. Windows ni mwenzake wa kulipia. Linux iko ya aina nyingi, sawa pondu: majani ya mihogo ni yale yale, lakini kila maman anapika yake. Katungu alikuwa anatumia Ubuntu. Fortunée alitaka kuweka Mint, ambayo mwenzake wa Yangambi alimutumia kwa flash, ndani ya baleinière, mashua ya kubeba mihogo.

Kataliko aliposikia alikuja bila kumaliza kuuza. "Mashini ya dada yangu munaibadilisha roho mbele ya kilio kutoka? Na kesho mutamupa nani? Hata jina lake litafutika ndani!"

Hapo alisema kweli. Ukiweka Linux mupya inakuuliza jina la mwenye mashini. Fortunée alikuwa ameweka vidole kwa clavier, akaniangalia.

"Tonton, jina la mama halitafutika," alisema. "Mwenye mashini ni nani? Niambieni ninyi wazee."

Kisha nikasema: "Mwenye mashini ni Katungu. Andika Katungu."

Akaandika. Kataliko akavuta kiti, akaikala, akangoja mpaka kazi ikaisha, groupe inalia inje. Mashini ikaamka, na katikati ya kioo jina likatokea: Katungu. Shemeji alitoa kofia. "Alors, endeleeni," alisema, akarudi kwa vitambaa vyake.

Sasa niseme ukweli juu ya Mint ile: siku ya kwanza niliichukia. Kwa Ubuntu ya Katungu, vidude vya kufungulia kazi vilisimama kushoto, kimoja juu ya kingine, sawa watu kwa foleni ya maji. Huku vyote vimelala chini, na kuna kifungo kimoja pembeni, ukikigusa kinafungua makabati na makabati. Rangi ya kijani. Dossier zimegeuka umbo. Nikapiga "a", ikaniletea "q". Nikapiga tena kwa nguvu. "q".

"Nani aliwaambia wageuze?" nilimuuliza Fortunée. "Wakubwa wa kule ni sawa wa kwetu. Ukizoea mulango, wanaubomoa, wanatoboa mwingine, wanakuja kukata ruban."

"Papa, ni clavier tu. Inafikiri tuko Amerika." Akaingia kwa kabati moja, akachagua français, "a" ikarudi "a". "Uone sasa. Na inawaka mbio kupita ile ya zamani. Hesabu mwenyewe."

Sikuhesabu. Lakini kweli, mbele nilikuwa nawasha mashini, naenda kununua beignets, narudi, bado inajifikiria. Sasa sikupata hata wakati wa kutafuta viatu. Fortunée akacheka kwa kuangalia ukuta.

Alijaribu imprimante: karatasi moja ikatoka, sura ya Katungu, kitambaa cha bluu, kicheko nusu. Nzuri kupita zile Ubuntu ilikuwa inatoa. Nikaibeba ile karatasi mpaka kwa mulango ili Édouard aione kutoka kwake. Aliiona.

Kesho yake Fortunée alikuwa na examen. Miye nikasema leo nitapiga zote, na mutoto akirudi akute kazi imeisha. Nikawasha groupe, nikawasha imprimante, nikafungua faili, nikaandika hesabu ya wageni, nikagusa Imprimer, amri ya kuchapa.

Hakuna kitu.

Nikagusa tena. Hakuna. Nikazima imprimante, nikaiwasha, nikaandika hesabu, nikagusa. Nikanywa maji. Nikagusa. Groupe ilikuwa inakula mafuta inje. Nilitukana Mint, nikatukana wa courant, nikafika mpaka kwa wabunge, nikagusa tena.

Édouard akavuka barabara, mikono kwa mifuko.

"Papa Liévin, inaendelea?"

"Inaendelea."

"Nasikia Linux ni ya bure. Kumbe hata karatasi inakatala kutoka, inajua haikulipiwa!" Akacheka peke yake. "Lete flash, papa. Sura ya Maman Katungu nitaipiga miye, na bei ya jirani. Si aibu."

"Édouard, rudi kwako. Wateja wangu wanakungoja kule."

Akaenda, lakini alitembea polepole, sawa mutu anayejua ataitwa. Na kusema kweli, nilikuwa nimeshika flash kwa mukono. Nilifika mpaka kwa mulango. Nikafikiri: Katungu alinunua mashini hii kwa kuuza chumvi na samaki wa Isangi, kichwani, mvua na jua. Leo sura yake itoke kwa mutu aliyeita wateja wake siku ya kilio? Nikarudi ndani. Nikagusa Imprimer mara ingine, juu ya hasira.

Fortunée alirudi mchana, akakuta nimekaa nimeshika kichwa. Hakusema examen imepita namna gani, na miye nilisahau kuuliza. Akaangalia kioo.

"Papa. Jana, kisha miye kutoka, ulizima imprimante?"

"Niliizima, sawa siku zote. Unafikiri mafuta ya groupe yanatoka kwa robinet?"

"Na mbele ya kuzima, ulikuwa umegusa Imprimer?"

Nilikuwa nimegusa. Nilitaka karatasi moja ya kulala nayo. Ilichelewa kutoka, na mafuta yalikuwa karibu kuisha, nikazima imprimante.

"Basi ni ile," alisema. "Ubuntu ya mama ilikuwa imepangwa kungoja. Hii ikibisha kwa imprimante na kukuta imelala, inafunga mulango. Inaweka kila kazi kwa foleni, mpaka mutu aje kuiambia endelea. Haijaharibika. Iko pause." Akaweka souris juu ya neno moja dogo. "Niguse?"

"Gusa."

Imprimante ikakohoa. Karatasi ya kwanza ikatoka: Katungu. Ya pili: Katungu. Nikapiga mikono. Hesabu ya wageni ikafika, ikapita. Katungu, Katungu, Katungu.

"Papa, uligusa mara ngapi?"

Kila mara nilikuwa nimeomba za wageni wote.

"Naisimamisha?" Alikuwa na kidole tayari.

"Wacha."

"Karatasi za wanafunzi zitaisha, papa. Na wino."

"Wacha, nimesema. Ongeza karatasi."

Akaongeza. Meza ikajaa, tukaweka kwa viti, kisha chini, kwa mukeka, kando kando ili wino ukauke. Kataliko aliingia kutuuliza habari, mguu wake ukabaki juu, hakuwa na mahali pa kuuweka. Dada yake alikuwa anamuangalia kutoka kila upande, anacheka nusu.

"Shemeji," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya soko, "umefanya nini?"

"Nilisema itatoka hapa. Imetoka."

Ngambo ya barabara Édouard alikuwa amesimama kwa mulango wake. Fortunée akachukua karatasi moja, akavuka, akamupa na mikono miwili. "Ni ya kwako, tonton. Karibu kwa kilio." Édouard aliipokea.

Tulipiga chapa nyimbo kwa mugongo wa karatasi, tukakunja, na siku ya kutosha kilio hakuna mutu aliyerudi mikono mitupu, hata wapita njia, hata watu wa toleka waliosimamisha baiskeli zao kusikiliza kwaya. Tulikula lituma, ndizi za kutwanga, na samaki. Kataliko akasimama, akagawa nguo, akagawa sufuria, kisha akaita Fortunée mbele. "Mashini hii," alisema, "iende kwa yule aliyeifufua." Watu wakapiga vigelegele. Miye niliangalia chini, watu wasione macho yangu.

Jumatatu nilipoiwasha, kioo kilileta majina mawili, Katungu juu, Fortunée chini. Hakufuta la mama yake.

Zile karatasi za ziada Kataliko alizifunga kwa plastiki, akazipa dereva anayepanda Butembo, apelekee familia ambayo haikuweza kushuka. Wakubwa walikuwa wamesema tena kwa radio kwamba barabara iko wazi. Hatukulala vizuri siku zile. Kisha simu ikalia, ni mama mukwe wa kule Butembo, analia na kucheka pamoja, anasema wanamushika Katungu kwa mikono kwa kila nyumba.

Katungu alipita Komanda bila escorte ya askari hata mumoja. Mara hii alifika.