Nani Anasema Tulale

Kila Jumapili mchana, kwenye meza ya kukatia vitambaa dukani kwa dada yangu fundi cherehani, tulicheza mchezo wetu wa kusimulia: dada anaeleza mapango na maadui, sisi tunasema tunafanya nini, dadu inaamua. Mimi, mchomelea vyuma, nilikuwa mpiga upanga. Shemeji, mume wa dada, mfamasia, alikuwa mchawi.

Sijasahau hata pambano moja. Pale darajani niliwazuia maadui peke yangu hadi ngao ikapasuka. Shemeji akanyoosha kidole, moto ukawaka, sifa zote kwake. Nikilalamika, ananijibu kwamba tuko sawa: uchawi wake huisha, haurudi mpaka alale, upanga wangu hauishi. Kweli, kanuni ndivyo zinavyosema. Ila kila ukimwishia anapiga mwayo, anasema, "Tulale," na mchezoni sote tunalala. Uchovu wake ukawa ndio saa yetu. Mimi nisiyechoka, kutochoka kwangu kulinifaa nini?

Jumapili ile niliapa: leo upanga uwe na maana, la sivyo nawaachia mchezo wao. Dada akasimulia ngome yenye mateka, watanyongwa jua likizama. Mlango wa kwanza shemeji aliumaliza kwa moto, wa pili kwa radi. Mbele ya wa tatu akaegemea kiti, akatamka lile neno lake.

"Lala wewe, shemeji," nikasema. "Mimi naingia."

Akacheka, akauliza kama moshi wa kuchomelea umenipanda kichwani. Dada hakucheka. Aliniuliza kama nina hakika, maana nikifa nimekufa. Nikachukua dadu.

Mlango niliuvunja kwa bega. Nikapiga, nikapigwa, dadu ikanisaliti, nikairusha tena. Dada sasa alisimulia amesimama, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni. Walinzi wakazidi kupungua, na damu yangu pia, lakini mkono wa upanga ulikuwa uleule wa mwanzo.

Shemeji akavuta kiti mbele. Akauliza, kwa sauti ya chini, uchawi hana, sasa afanye nini.

"Shika taa," nikamwambia. "Na usinitangulie."

Akaishika. Mateka wakatoka, jua lingali juu ya ukuta.

Dada akauliza kama sasa tunalala. Shemeji akanigeukia mimi.

"Bado," nikasema. "Kuna mlango mwingine."