Kinga ya Tisa ya Mwalimu Hao

Siku ya saba baada ya kuzikwa, Mwalimu Hao Jinglun alirudi uani saa kumi na mbili asubuhi, saa yake ya mazoezi, akaketi kitini pake. Binti yake Yuezhi alikuwa anafagia. Aliinua ufagio baba apitishe miguu, kisha akaenda kuteleka maji ya chai.

Majirani walikuja kumsalimu, na hakuna aliyeuliza kafuata nini. Jimbo zima la Hebei linajua kwamba mwalimu wa ngumi hufundisha kila pigo na kinga yake, ila kinga moja huibana, ili mwanafunzi akimgeukia amkute nayo. Hiyo humrithisha mwanawe wa kiume uzeeni, kwa kuwa binti ataolewa aipeleke kwa watu. Hao alikufa ghafla mezani, kinga ya tisa ingali mikononi mwake. Afaye nayo haondoki.

Basi akaanza kumfundisha Kecheng, mdogo wake Yuezhi. Haikuwezekana. Kinga ile hufundishwa kwa kushikana, na vidole vya marehemu vilipenya kiwiko cha kijana kama moshi. Kwa maneno ndiyo kabisa, hakuambulia kitu. Kecheng ni mzito wa kuelewa tangu utotoni, ingawa hilo halikuwahi kumzuia kuitwa mrithi.

Siku ya arobaini na tisa, wafu wengine wanapokuwa wamekwenda zao, Hao alikuwa bado kitini, amekonda. Yuezhi akaweka birika chini, akamshika mdogo wake kiwiko, akamlaza. Akamwinua, akamlaza tena.

"Umejifunzia wapi, Dada?" Kecheng aliuliza.

"Hapo hapo ulipolala."

Miaka ishirini na sita Hao alikuwa akifunga lango na kuinoa kinga yake, na alihitaji mtu wa kuangusha. Mwanafunzi angeiiba; binti, alidhani, huanguka tu. Washenga wawili aliwafukuza asije akaukosa mwili huo. Sasa Yuezhi alikuwa na miaka arobaini na tatu, na bega lake la kushoto lilitangulia kujua mvua.

Baba hakushangaa. Alimwambia amfundishe mdogo wake haraka, yeye akapumzike.

"Niandike kwanza kwenye kitabu cha ukoo, Baba. Mstari mmoja tu."

"Binti ni maji yaliyomwagwa," Hao akasema. "Nani huandika maji?"

Shukrani ya punda mateke, na mateke Yuezhi alishayala ya kutosha. Iliuma, lakini alifundisha miezi mitatu bila kununa. Kecheng akachoma ubani, akaandikwa mrithi wa kizazi cha nane, ngoma zikapigwa. Yuezhi aliwapikia tambi watu sitini.

Kesho yake alfajiri Hao alikuwa kitini. Alimtazama mwanawe akiicheza kinga ya tisa, akaona kisigino cha kushoto kimepungukiwa nusu hatua. Akamgeukia binti yake.

"Yuezhi. Hiyo nusu hatua."

"Na mimi ni mwalimu, Baba."

Mila hiyo ya kubana, Hao mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

Huu ni mwaka wa kumi na moja. Kitabu cha ukoo hakijaongezwa jina la Yuezhi. Wanafunzi humwamkia Kecheng kwanza, kisha marehemu, kisha hudai chai. Kila asubuhi Yuezhi huinua ufagio baba apitishe miguu, humjazia kikombe asichoweza kukinywa, na chai ikipoa, huimwaga.