Kaseti mbili ya tata Mbuyi

Mi nilipikia bukari siku kumi na tisa batu benye balikuya kufukuza bwana yangu, na hata mumoja hakusafisha sahani. Hii njo hasira yangu ya kwanza. Ya pili ni juu ya mupira ya mu télé.

Ilikuwa mwaka 1993, hapa Kolwezi, mu Katanga. Kampani ya shaba ilikuwa imekufa, mashine ya mugodi ya Mutoshi inalala, na bakubwa bakapata wa kushitaki: batu ba jimbo ya Kasaï njo banatumaliza, barudie kwabo. Bwana yangu Mbuyi alizaliwa hapa hapa, lakini baba yake alitoka Kasaï na treni ya zamani, basi ikatosha. Mi jina yangu ni Bilonda, Muluba wa Katanga. Mi nilikuwa na haki ya kubakia. Mungu hakutupatia batoto. Alitupatia télé, na mashine ya michezo yenye Mbuyi alileta kutoka Ndola, kule Zambia, wakati kampani ilikuwa ingali na pumuzi.

Mashine ile ilikuwa na kaseti mbili ya mupira. Ya kwanza Mbuyi aliiita ya kweli: iko arbitre wa kupiga firimbi, iko kadi, bachezaji banachoka, bengine banaumia na banabebwa. Ya pili ilikuwa ya kuchekesha: bachezaji ba bichwa kubwa, banaruka juu ya milingoti, bal inawaka moto, hakuna arbitre, na mechi haimaliziki mupaka mutu mwenyewe aseme amechoka.

Asubui moja Dodo, mukubwa wa bajeunesse ba mutaa, bale bijana ba kufukuza batu, akakuya na benzake bane na fimbo. Huyu Dodo, tangu zamani, kila siku ya Mungu alikuwa anachezea kwetu, na hajamushinda Mbuyi hata mara moja. Akasimama mu mulango, akaona télé inawaka, akakohoa.

"Tata Mbuyi, unapashwa kwenda ku gare leo, upande treni. Lakini mi siwezi kufukuza mutu mwenye sijamushinda. Mutaa muzima utanicheka."

Mbuyi akafikiri. "Kila siku mechi moja. Ukinishinda, naenda. Kama hapana, nabakia."

"Kaseti gani?"

"Ya kweli. Mi sifukuzwi na bachezaji ba bichwa."

Hapo tukaanza kugombana, mi na bwana yangu. Nilimuambia: weka ya bichwa, ile haina mwisho, tutazeekea mu mechi. Akanijibu ati ile haifanani na maisha. Sikia mutu huyu. Inje majirani banabeba kitanda ku kichwa, mwalimu wa hesabu wa mutaa yetu analala chini ya vagoni ku gare na bibi yake, hakuna arbitre, hakuna kadi, kila asubui goli imehamishwa, na yeye ananiambia ya bichwa njo haifanani. Kaseti ya arbitre mwenye anaona yote njo ilikuwa ya uongo. Nilimuambia hivyo mbele ya bageni, na Dodo akasema: "Mama anasema kweli." Mbuyi akaweka ya kweli.

Siku kumi na nane alishinda. Benzake na Dodo banakaa chini, banakula sombe yangu, banashangilia Mbuyi, kisha banaenda kufukuza batu ba mutaa wa pili. Mama ya Dodo alitutumia mihogo, na salamu, ati tata Mbuyi ajikaze.

Siku ya kumi na tisa ilikuwa mbili kwa mbili, dakika ya mwisho. Muchezaji wa Dodo akaanguka mbele ya goli, arbitre akapiga firimbi. Penalti. Shiye bote tuliona: hakuna mwenye alimugusa.

Dodo akaweka manette ya kuchezea chini. "Tata, ile haikuwa penalti. Naipiga inje."

"Utaipiga muzuri," Mbuyi akasema. "Arbitre amekata."

Dodo akapiga, bal ikaingia. Hakuna mwenye alisimama. Dodo alikuwa analia. Akasema tucheze ingine, ile ya bichwa, hii isihesabiwe. Mbuyi alikuwa anavuta sanduku chini ya kitanda. Pale nilimuchukia kuliko mutu yeyote wa ile mwaka. Arbitre ya mu kaseti, yenye haina hata uso, Mbuyi alimutii. Bibi yake, hapana.

Dodo akatoa karatasi mu mufuko, ya kuonyesha ku gare: jina ya mwenye anaenda, na asili yake. Mbuyi akaandika polepole, na herufi yake ya karani. Nikamunyanganya kalamu ya bic.

"Mama Bilonda," Dodo akasema, "hii haikuhusu. Weye ni wa hapa."

Nikaandika jina yangu chini ya jina ya Mbuyi, na pale penye banauliza asili, nikaandika Kasaï.

Mbuyi akasoma. "Lakini hii haiko kweli," akasema.

Nikamuambia afunge sanduku.