Mashine ya Obura na Kisu cha Masaba

Obura alikuwa Mkenya, mtu wa kompyuta, na kama wengi wa aina yake, aliamini kwamba binadamu akisomwa vizuri hana siri. Ofisini kwao Jinja alikuwa ametengeneza programu ya kusoma yanayoandikwa mitandaoni na kunusa ugomvi kabla damu haijamwagika. Shamim, afisa wa ustawi wa jamii, ndiye aliyepaswa kupiga simu na kuuliza kwanza kabla polisi hawajaitwa. Lakini asubuhi hiyo Shamim alikuwa Buwenge akisuluhisha mume na mke, na programu ikawaka nyekundu.

“Masaba, visu vimenolewa. Leo mchana tunakukata. Ukikimbia, usirudi kwetu.” Mwandishi: Nandutu wa Malukhu, Mbale.

Obura aliruka kitini. Hakumngoja mtu. Alipiga simu kituo kimoja cha polisi huko Mbale, na afande mgeni, aliyehamishiwa huko juzijuzi tu, akaenda kumchukua Masaba kwa usalama wake.

Shamim aliporudi na kuusoma ujumbe ule, alijishika kichwa.

“Bwana Obura, huko Mbale huu ni mwaka wa tohara, vijana wanasimama mbele ya kisu hadharani! Nandutu ni shangazi yake. Anamtia moyo!”

“Kwa maneno haya?”

“Ulitaka amwandikie pole? Sasa kijana hayuko, ukoo mzima utasema amekimbia kisu. Aibu hiyo atazeeka nayo.”

Obura alichukua funguo za gari. Yeye na Shamim wakashika njia ya Mbale.

Kituoni walimkuta Masaba na kengele zake za ngoma ya tohara mapajani, unga wa kimila usoni, machozi yamechora mifereji kwenye unga.

“Mimi iko tayari, bwana,” alisema. “Nani alisema mimi naogopa?”

Afande alimwachia. Huko Malukhu, ua wa Nandutu ulikuwa umejaa watu walionuna. Obura alipanda juu ya kreti la soda, akatangaza kwamba Masaba hakukimbia. Yeye, Joash Obura, ndiye aliyemkamatisha bure.

“Mkitaka kumnunia mtu, ninunieni mimi!”

Masaba akasimama mbele ya kisu, hakupepesa hata ukope. Vigelegele vikapaa. Aliyefumba macho ni Obura.

Walipotaka kuaga, shangazi Nandutu alimkalisha Obura kwa nguvu mbele ya sinia la malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyopikwa kwa karanga, kisha akainamia simu yake akaandika. Mfukoni mwa Obura programu ikapiga kelele kwenye simu yake: nyekundu.

“Yule Mkenya Obura tumemshika. Leo hatoki hapa. Akikimbia, tunamvunja miguu.”

Shamim, kwa kufuata utaratibu, alipiga simu kuuliza. Simu ya Nandutu ikalia ng'ambo ya sinia.

“Shangazi, ni kweli mtamvunja miguu?”

“Kweli kabisa! Mwambie aongeze malewa.”

Obura akaongeza, akaiacha programu iendelee kulia mfukoni.