Maji Yaliyogeuka Yenyewe

Wiki ya kumi na moja ilipokatika bila maji kugeuza mwelekeo wa mzunguko wake, mkuu wa maabara alikata shauri: Ijumaa asubuhi tangi livunjwe, chumba kinahitajika. Mtafiti, ambaye wenzake walimbandika jina Bi Sufuria kwa kushinda akitazama maji yakipashwa moto, alimpigia simu baba yake aje kulifungua. Baba alikuwa fundi bomba mstaafu, na ndiye aliyemsaidia kuliunga tangi lile la vioo, bamba la shaba la moto chini, la baridi juu.

Ijumaa mzee akafika na mfuko wake wa spana. Ndani ya tangi maji yalizunguka kama siku zote: yanapanda na joto ubavu wa kushoto, yanavuka juu, yanashuka yamepoa kulia, yamebeba chembe nyeupe za plastiki zilizong'aa kwenye mwanga wa taa.

"Hasa ulitaka yafanye nini, mwanangu?"

"Yageuke, baba. Yenyewe, bila kuguswa. Hesabu zinasema yatageuka, ila hazisemi lini."

Baba akachuchumaa penye valvu ya kutolea maji. Spana ilikwisha kuuma nati, akatulia. "Hiki kijizunguko cha kwenye kona, juzi nilipokuja kuziba uvujaji kilikuwa kama ngumi. Sasa ni kama kichwa cha mtu. Mmekilisha nini?"

Binti akainama kutazama. Wiki zote hizo alikuwa amekodolea macho mkondo mkubwa, kona hakuzijali.

"Toa mkono hapo, baba. Taratibu."

Kijizunguko kilivimba, na mwenzake wa kona ya mkabala akavimba pia. Mkondo mkubwa ukabanwa katikati, ukayumba, ukakatika. Chembe zikatangatanga ovyo. Kisha, polepole, zikaanza kupanda upande wa kulia. Kwenye kompyuta mistari miwili ya jotoridi, wa kushoto na wa kulia, ilikutana, ikapishana. Binti akakagua hita na kipoozeo: havikubadilika hata chembe. Akatoka mbio kumwita mkuu.

Mkuu akaja na kikombe mkononi. "Umegusa nini?"

"Muulize baba."

"Mimi nilikuja kuyamwaga," mzee akasema.

Mkuu akavuta kigoda, akakaa. Saa nzima ikapita, chai ikapoa. Ndipo binti akaona vijizunguko vya kona nyingine mbili vikinenepa.

"Yanajiandaa," akasema. "Hayamalizi dakika kumi."

Dakika ya tisa maji yakageuka tena.

Mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nani huyo alisema tangi livunjwe?"

Binti alicheka mpaka machozi yakamtoka, lakini mkono ulikuwa tayari unafungua picha za kamera za wiki zote zilizopita, safari hii akitafuta kona tu. Pembeni yake baba aliomba penseli, apate kuandika ukubwa wa kila kijizunguko dakika kwa dakika.