Hisa Zilipokwenda Kuposa

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema kwa sababu Masudi ameshaizungusha habari hii Kahama nzima kwa namna yake, na kwa namna yake mwenye makosa ni simu yangu. Simu haikukosea kitu. Ilionyesha bei kama ilivyokuwa. Aliyeona busara kwenda nayo posani ni mimi.

Mimi ni mtu wa machimboni. Nimeuziwa mawe yasiyo na chembe, nimeuziwa dhahabu iliyokuwa shaba, na mara moja nimeuziwa shimo lenye mwenyewe, tena mwenyewe akiwa ndani anachimba. Baada ya hayo nikajiona nimehitimu, hakuna tena wa kuniingiza mjini. Basi kampuni moja ya Dar es Salaam iitwayo Chapuo, wale wenye programu ya simu ya kuitia bodaboda na kulipia mizigo, ilipotangaza kwamba inawauzia wananchi hisa, niliuza karasha langu la kusagia mawe, nikanunua hisa kwa shilingi mia tano mia tano. Karasha lenyewe lilikuwa na thamani ya ng'ombe kumi na wawili. Masudi, dalali wa dhahabu na rafiki yangu wa siku nyingi, akanunua zake chache ili asipitwe.

Hisa hizo zingeanza kuuzwa sokoni siku ya Alhamisi. Nami, bila kushikiwa fimbo na mtu, nikaomba posa yangu ipangwe Alhamisi hiyohiyo. Nilitaka wakwe wanione nikiwa tajiri siku ya kwanza, utajiri ukiwa bado wa moto.

Binti ni Limi. Anashona nguo Kahama. Nilimpelekea suruali apunguze kiuno, akaniangalia, akasema suruali haina tatizo, mwenye tatizo ale. Tangu siku hiyo nikawa nachana nguo zangu mwenyewe ili nipate sababu ya kurudi.

Kwao ni Ushetu, wakulima wa tumbaku. Tulifika asubuhi, Masudi akiwa mshenga wangu. Kisukuma chake kinaishia kwenye salamu, akakimaliza chote mlangoni: mwangaluka huku, mwangaluka kule, mpaka mbwa akapata yake. Tukakaribishwa ndani. Mzee Magesa, baba yake Limi, alikaa kwenye kiti chake amefumba macho. Msemaji alikuwa dada yake, shangazi wa binti, Mama Davis, mama mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

Pale mahari hupangwa chini kwa vijiti, kila kijiti ng'ombe mmoja. Upande wa binti unaweka, upande wa mwanamume unaondoa, wao wanarudisha, nyie mnaondoa, mpaka watu wachoke au chakula kiive. Mposaji mwenyewe hana ruhusa ya kusema. Anakaa pembeni kama mgonjwa anayejadiliwa na waganga.

Mama Davis akaweka vijiti kumi na tano. Masudi akacheka kidogo, akaondoa vinne.

"Mama Davis, tumekuja kuoa, hatujaja kununua wilaya."

"Basi rudisha vitatu, ubaki na wilaya yako."

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kabisa. Tungefika kumi na wawili, tungekula, tungeondoka na mke. Lakini soko likafunguliwa. Nikachungulia simu chini ya koti: mia saba! Nikamfinya Masudi, nikamwonyesha. Macho yakamtoka. Akavitazama vile vijiti vinne mkononi mwake kama mtu aliyekamatwa na mali ya wizi, akavirudisha vyote.

Mama Davis akakohoa. "Nimesema vitatu."

"Pokea tu, mama. Sisi si watu wa kubanana."

Nikachungulia tena: mia nane. Masudi akaokota kijiti kilichokuwa kimelala karibu na mguu wa kiti, akakiongeza. Kisha kingine. Mzee Magesa, aliyekuwa amefumba macho tangu mwanzo, akafumbua moja.

"Dada," alinong'ona, na mnong'ono wake ulifika mpaka uani, "hawa watu ni wazima?"

"Kaka, nyamaza. Wanaendelea."

Ilipofika mia tisa, tulikuwa kwenye ng'ombe kumi na saba na vijiti vimeisha. Mama Davis hakumtuma mtu. Alinyanyuka mwenyewe, akavunja njiti tatu za ufagio, akampa Masudi mkononi kwa heshima zote, na Masudi akazipanga. Ishirini! Upande wa mwanamume umepandisha mahari peke yake, upande wa binti unampa vijiti.

Masudi akaniinamia sikioni. "Mihayo, tuuze sasa?"

Nikamjibu, "Nani anauza kitu kinachopanda?"

Maneno hayo niliyasema mimi, mtu mzima, nimevaa koti.

Mama Davis akavihesabu vijiti kwa sauti, mara mbili, ili hata majirani wawe mashahidi. Kisha akasema, "Mmesikia wote. Vikishahesabiwa na watu wakala, haviguswi. Atakayetoa hata kimoja akusanye na vingine vyote aende navyo kwao, binti abaki."

Tukaitikia. Chakula kikaletwa: ugali, kuku, maziwa ya mgando. Mkono umejaa mchuzi, simu iko mfukoni, nani ashike? Nilikula kama mtu mwenye ng'ombe thelathini. Nikaongezwa paja, nikalipokea.

Nilipokuja kunawa na kufungua simu, soko lilikuwa limeshafungwa. Mia nne na thelathini. Nikakifuta kioo kwa leso nikidhani ni mafuta ya kuku. Mia nne na thelathini ileile. Wakati sisi tunatafuna, wenzetu wengi walioonja faida waliamua kuila siku hiyohiyo, wote kwa pamoja. Wauzaji wakajaa, wanunuzi wakakimbia. Karasha langu la ng'ombe kumi na wawili sasa lilikuwa ng'ombe kumi, na chini pale mbele yangu wamelala ishirini.

Nikampa Masudi simu. Akaisoma, akanirudishia.

"Mama Davis," alianza kwa sauti ya kilio cha msibani, "kuna kajambo kadogo." Na mkono wake ukaanza kutambaa kuelekea kwenye vijiti.

"Mkono huo unakwenda wapi?"

"Soko limeshuka, mama."

"Soko gani? La Kahama?"

"La hisa. Dar es Salaam. Asubuhi tulikuwa na mali, sasa mali imepungua. Tunaomba nasi tupunguze, tushuke mpaka kumi na wawili tu, kistaarabu."

Mzee Magesa akafumbua jicho la pili. "Kijana, tumbaku yangu kila msimu inapangiwa daraja la chini. Nimewahi kuja nyumbani kwako uniombee kwa watoto wangu wale kidogo?"

"Hapana, mzee."

"Na hizo hisa zenu," Mama Davis akadakia, "zingepanda jioni, mngerudi kutuongezea?"

Hapo Masudi akapata pa kushika. Akasimama kabisa. "Mama! Si tuliongeza? Asubuhi nzima tulikuwa tunaongeza hapa, na hakuna aliyetuomba! Njiti za ufagio ni nani aliyezivunja?"

Mzee Magesa akashindwa, akacheka mpaka akashika mbavu. Mama Davis akautazama ufagio wake. Nikaona mlango umefunguka, na nikijua kwamba nikikosea neno ninaondoka bila Limi, bado nikavunja mwiko wa mposaji, nikasema:

"Shangazi, kwa heshima zote. Mimi namtaka Limi kuliko mnavyojua. Lakini haki ni haki. Vijiti vilipanda kwa sababu ya soko, basi na vishuke kwa sababu ya soko. Kitu kinachopanda bei na kushuka bei kinafuata bei. Hata wewe ungekuwa mimi ungesema hivyo."

Mama Davis akamtazama kaka yake. Kaka yake akatikisa kichwa taratibu, kama anayekubali. Masudi akaketi, ameshanyoosha mkono kwenye vijiti.

Limi alikuwa ameingia kuchukua vyombo. Alisimama na sahani zake, akanitazama kama siku ile ya suruali.

"Mihayo, na mimi nitazeeka. Siku nikiota mvi, utarudi hapa kwa baba kupunguza vijiti?"