Mkanda Mmoja, Minara Miwili

Mkanda wa kupandia ulikuwa mmoja na wao walikuwa wawili, ndiyo maana siku zote walipanda kwa zamu. Mama Nati, fundi wa mitandao, hufunga antena ya upande wake, hushuka, kisha humkabidhi mdogo wake mkanda naye akafunge ya ng'ambo. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi tangu baba yao awaachie vifaa, na hakuna aliyewahi kuteguka hata kidole.

Siku hiyo mambo yalikwenda kombo mapema. Tajiri alitaka mtandao uvuke bonde, kutoka ofisini kwake hadi ghalani, kabla wageni wake hawajafika. Kila mara alikuja chini ya mnara kuuliza kama bado, utadhani antena hukazwa kwa maswali. Na nyuma ya ghala wingu lilikuwa limeshatanda, jeusi tii. Mama Nati akakereka. Akampigia simu mdogo wake aliyekuwa akisubiri chini ya mnara wa ghalani, yule ambaye watu humwita Paka kwa kukwea kwake, akamwambia asimsubiri, apande tu wamalize pamoja.

Paka hakubisha. Siku nyingine hilo lingemshtua, maana Paka hubishana hata na kivuli chake.

Basi Mama Nati akawa juu ya mnara wa ofisi, kompyuta ndogo ameifunga kwa kamba mbele yake, macho kwenye vijiti vya kioo vinavyoonyesha nguvu ya mawimbi. Paka, kule ng'ambo, mdogo kama sisimizi, akawa anageuza antena yake taratibu. Vijiti viwili. Vitatu. Fundi mwingine angeshukuru Mungu akashuka zake. Huyu, kwa ubishi wake wa kazi, akamwambia Paka asogeze kidogo kushoto, cha nne kije. Paka akajibu kwamba simu anaitia mfukoni, upepo umezidi na anahitaji mikono yote miwili. Wataongea kwa kiganja.

Kiganja kilikuwa mchezo wao. Ukipitisha mkono mbele ya antena, mawimbi hupungua, na mwenzako upande wa pili huona vijiti vinashuka na kupanda. Mara moja: nimekaza nati. Mara mbili: nashuka. Paka alizoea kumchokoza dada yake hivyo hata bila sababu, na dada alijifanya kukasirika.

Upepo ukampiga Mama Nati ubavuni. Akajishika, na mkono wake ukaangukia ndoano ya mkanda kiunoni.

Mkanda alikuwa amevaa yeye. Jamani, si kwamba hakujua. Alijua tangu asubuhi ni mmoja, lakini haraka ya watu ilikuwa imemziba macho. Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Shuka, mdogo wangu," akasema, ingawa hakuna aliyemsikia. "Achana na hicho kijiti, shuka."

Vijiti vikashuka, vikapanda. Amekaza. Cha nne kikatokea, kikatulia. Mama Nati akangoja ishara ya kushuka. Mvua ilikuwa imeshalifunika bonde, ghala halionekani tena, amebaki na kile kioo cha kompyuta tu.

Vijiti vikashuka, vikapanda. Ya kwanza hiyo. Akangoja ya pili.

Vikashuka vyote, vikabaki chini. Kiganja hakizuii mawimbi namna ile. Kitu kizima kilikuwa kimeilalia antena, kimeing'ang'ania, na Mama Nati akajikuta ameukumbatia mnara wake kwa mikono miwili kana kwamba hivyo angemsaidia.

Kisha vikarudi. Kimoja, viwili, vitatu, vinne, vyote kwa pamoja vikasimama kimya. Nati ilikuwa imekazwa barabara, ila hapakuwa tena na kiganja mbele ya antena.

"Umeshika, fundi," tajiri alisema kutoka chini, simu mkononi, akicheka. "Mtandao safi kabisa. Hautikisiki."